Mshahara wa Ambulensi: Nani Analipa, na Anadhani Analipia Nini

Kwa takwimu za Mei 2024 za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, paramediki (mhudumu wa ambulensi aliyefunzwa kumtibu mgonjwa kabla ya kufika hospitali) aliye katikati kabisa ya safu ya mishahara nchini humo, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi, alikuwa anapata dola 58,410 kwa mwaka. Mhudumu wa ngazi ya chini yake, anayepanda gari lilelile na kushika machela upande wa pili, alikuwa anapata dola 41,340. Muuguzi aliyesajiliwa, yule anayempokea mgonjwa wao mlangoni hospitalini, dola 93,600.

Naanza na namba kwa sababu ndizo ninazoulizwa. Nilifanya kazi kwenye ambulensi kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuwafundisha vijana wanaoingia kwenye kazi hii, na ni nadra darasa limalizike bila mmoja kusubiri wenzake watoke, kisha anifuate mezani: "Samahani mwalimu, hivi hii kazi inalipa?" Wanauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi kwa mtu anayetaka kuokoa maisha kuwaza kodi ya nyumba. Si dhambi hata kidogo. Anayeingia kazi ya kubeba watu usiku wa manane ana haki ya kujua atalipwa nini na kwa nini, na jibu la sentensi moja halimtoshi.

Nimefikia kuamini kwamba ugumu wa kazi, hatari yake na elimu ya mtu vina nafasi katika mshahara wa paramediki, lakini si nafasi ya kwanza. Cha kwanza ni fedha zinatoka wapi, na anayezitoa anaamini ananunua nini. Akiamini ananunua matibabu, mshahara husogea kuelekea ule wa muuguzi. Akiamini ananunua usafiri, hubaki jirani na wa dereva. Kwingi duniani, paramediki anatibu kwa mikono miwili huku akilipwa kama aliyeshika usukani tu.

Imani hiyo ya usafiri ina mizizi mirefu. Hadi miaka ya 1960, sehemu kubwa ya ambulensi za Marekani ziliendeshwa na wafanyabiashara wa mazishi, kwa sababu tu magari yao ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya mtu kulala chali. Gari lililompeleka mmoja hospitali asubuhi liliweza kumpeleka mwingine makaburini jioni, na dereva akawa yuleyule. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo kilitoa ripoti kali juu ya vifo vya ajali na udhaifu wa huduma za njiani. Mwaka huohuo ikapita sheria ya usalama barabarani, na huduma za dharura kabla ya hospitali zikaangukia chini ya wizara ya usafirishaji, si ya afya. Hadi leo ofisi ya kitaifa inayozisimamia iko ndani ya wakala wa usalama barabarani. Waliotunga sheria walikuwa na nia njema, maana watu walikuwa wanafia barabarani. Lakini mahali kazi inapozaliwa kiserikali ndipo bajeti yake inapojifunza kutembea.

Mwaka mmoja baadaye, 1967, mjini Pittsburgh kukaanzishwa Freedom House Ambulance Service. Daktari Peter Safar, mmoja wa walioweka misingi ya mbinu za kisasa za kufufua moyo na mapafu, aliwafundisha wakazi weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza wa nchi hiyo. Baadaye Daktari Nancy Caroline ndiye aliyewasimamia, na ndiye aliyeandika mtaala wa kitaifa wa kuwafundisha paramediki, tena kwa kazi aliyopewa na wizara ileile ya usafirishaji. Mwaka 1975 jiji likafunga huduma hiyo na kuanzisha yake, na wengi wa waanzilishi hao wakawekwa kando. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii kabla ya kugusa mambo ya mishahara. Waliothibitisha kwamba kazi hii ni tiba hawakubaki kufaidi chochote katika uthibitisho wao, na hilo linaniuma kila ninapolisimulia.

Uingereza nayo ilipita njia inayofanana. Ambulensi zilikuwa chini ya serikali za mitaa hadi 1974, ndipo zikaingizwa NHS, mfumo wa afya wa umma. Mwishoni mwa 1989 hadi mwanzoni mwa 1990 wafanyakazi wake waligoma wakidai mishahara yao ipangwe kwa kanuni kama ya polisi na zimamoto. Waziri wa afya wa wakati huo, Kenneth Clarke, aliwajibu kwamba wengi wao hawakuwa na mafunzo maalumu ya tiba, kwamba walikuwa madereva wa kitaalamu. Kauli hiyo haikusahaulika. Waliokuwa kazini wakati ule walistaafu wakiwa bado wanaitaja.

Sasa tazama jinsi imani inavyogeuka kuwa hesabu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na watu wenye ulemavu, huilipa huduma ya ambulensi kwa safari: kuna kiwango cha msingi kulingana na ngazi ya huduma, kisha nyongeza kwa kila maili mgonjwa akiwa ndani ya gari. Kwa kawaida mgonjwa asiposafirishwa, hakuna malipo. Bima nyingi binafsi zimefuata mwendo huohuo.

Mtu ambaye hajafanya kazi hii anaweza asione tatizo. Nitamweleza kwa wito ambao kila mmoja wetu ameupokea. Mgonjwa wa kisukari amepoteza fahamu, analowa jasho, familia imemzunguka inalia. Unapima sukari, imeshuka vibaya. Unatafuta mshipa kwenye mkono baridi unaoteleza, unaupata, unampa sukari ya mshipani, na ndani ya dakika chache anafungua macho na kuuliza watu hawa wote wanafanya nini nyumbani kwake. Anakula, unampima tena, unazungumza na ndugu zake, unahakikisha kuna mtu wa kubaki naye. Hataki kwenda hospitali, na mara nyingi yuko sahihi. Kwa kipimo cha tiba hakuna matokeo mazuri kuliko hayo: mtu amepona, kitanda cha hospitali kimebaki kwa mwingine. Kwa kipimo cha bima inayolipia safari, hakuna kilichofanyika. Dawa imetumika, saa nzima ya wahudumu wawili imetumika, na mwajiri hana ankara ya kuandika.

Kulikuwa na jaribio la kurekebisha hilo. Kuanzia Januari 2021 serikali ya Marekani ilifungua mpango wa kuzilipa huduma zilizoshiriki kwa kumtibu mgonjwa papo hapo au kumpeleka kwenye kliniki badala ya hospitali kubwa. Ulipangwa kudumu miaka 5. Ulifungwa mwishoni mwa 2023, huku walioshiriki wakiwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Nilisikitika, kwa sababu ulikuwa umeshika shina la tatizo.

Hapo ndipo mshahara mdogo wa vijijini unapoeleweka. Gharama kubwa ya ambulensi ni utayari, yaani wahudumu kukaa saa zote wakisubiri simu ambayo huenda isilie. Mapato yake, kama yanategemea safari tu, huja simu inapolia. Mjini zamu moja inaweza kuwa na wito mfululizo hadi mtu akakosa nafasi ya kwenda chooni. Kijijini zamu hiyohiyo huwa na wito mmoja, au hamna kabisa, lakini wahudumu, gari na dawa ni vilevile, na mgonjwa mmoja atakayepatikana yuko mbali zaidi na hospitali kuliko yeyote wa mjini. Anayehitaji paramediki hodari zaidi ndiye anayeishi mahali pasipo na fedha za kumlipa. Kituo cha polisi hakiendeshwi kwa idadi ya wezi waliokamatwa, wala zimamoto hawalipwi kwa nyumba zilizoungua. Hao hulipwa kwa kodi, wawepo. Lakini hakuna sheria ya shirikisho ya Marekani inayolazimisha kila eneo liwe na ambulensi. Majimbo mengine yameitangaza kuwa huduma ya lazima, mengine bado, na tofauti hiyo huonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Pengo hilo mara nyingi huzibwa na wanaojitolea. Katika maeneo mengi ya mashambani Marekani, na Austria ambako vijana wanaochagua utumishi wa kiraia badala ya jeshi hupangiwa ambulensi, kazi nyingi hufanywa na watu wasiolipwa au wanaolipwa posho ndogo tu. Nawaheshimu mno. Ila mwajiri akiwa na mtu wa kuifanya kazi bure, hana haraka ya kumpandishia mshahara anayelipwa.

Kwa sababu hizo, mwanafunzi akiniuliza aombe kazi wapi, humwambia aangalie kwanza ni nani mwenye gari. Kampuni binafsi inayoishi kwa safari, hospitali, serikali ya mitaa na kikosi cha zimamoto si mwajiri mmoja, hata kama sare zinafanana. Nchini Japani, ambako sheria ya mwaka 1991 iliunda cheo cha fundi wa kuokoa maisha katika dharura, wengi wao ni waajiriwa wa zimamoto na hupanda vyeo kama wazimamoto. Seattle, kikosi cha zimamoto kimekuwa na paramediki wake tangu 1970 kupitia mpango wa Medic One, na jimbo la Washington limekuwa miongoni mwa yanayolipa vizuri zaidi Marekani. Lakini kuwa ndani ya zimamoto peke yake hakutoshi. New York iliunganisha ambulensi zake za jiji na zimamoto mwaka 1996, ila ngazi za mishahara zikabaki mbili, na mhudumu wa ambulensi anaendelea kulipwa pungufu sana kuliko mzimamoto anayekutana naye kwenye tukio moja. Muhimu ni mkataba, na nani aliyekaa mezani ukiandikwa.

Hapo kuna mtego ambao vijana wengi hunasa. Wanasoma mshahara wa mwaka, hawasomi saa. Chukua zile dola 58,410. Kwa wiki ya saa 40, mwaka una saa 2,080 za kazi, na kila saa ina thamani ya dola 28 na senti kidogo. Lakini vituo vingi hufanya zamu ya saa 24 kisha mapumziko ya saa 48, na ukiipiga hesabu zamu hiyo ni wastani wa saa 56 kwa wiki, sawa na saa 2,912 kwa mwaka. Mshahara ukiwa uleule, saa moja imeshuka hadi dola 20. Tena kwa sheria ya Marekani, paramediki ambaye pia ni mzimamoto katika kikosi cha umma anaweza kuwekwa kwenye utaratibu ambao ovataimu huanza kuhesabiwa baada ya wastani wa saa 53 kwa wiki, si 40. Watu wawili wanaweza kutaja mshahara mmoja kwa fahari ileile, mmoja akiwa amekaa kazini saa mia nane zaidi ya mwenzake.

Na ovataimu yenyewe! Nimewajua wenzangu waliojenga maisha yao yote juu yake, ada za watoto na mkopo wa nyumba, hadi mwezi walioumwa mgongo ukawa mwezi wa janga. Fedha hizo ni za kweli, lakini si mshahara. Mtu anayelazimika kuzipata ili afike mwisho wa mwezi analipwa kidogo, hata kama jumla yake inapendeza. Nasema hivyo pia kwa sababu ya mgonjwa. Anayehesabu kipimo cha dawa ya mtoto akiwa katika saa yake ya ishirini na mbili si yule aliyeingia kazini asubuhi.

Uingereza hesabu iko wazi zaidi, na kwa hilo naipenda. Tangu 2004 wafanyakazi wa NHS wamepangwa kwenye ngazi za kitaifa. Paramediki mpya huanza ngazi ya 5, ambayo kwa mwaka 2025/26 nchini England ni kati ya pauni 31,049 na 37,796. Baada ya kipindi cha miaka 2 cha kujengwa kazini hupanda ngazi ya 6, pauni 38,682 hadi 46,580. Juu ya hapo kuna nyongeza ya saa ngumu: kwa walioajiriwa chini ya masharti ya 2018, asilimia 30 kwa usiku na Jumamosi, asilimia 60 kwa Jumapili na sikukuu. Anayefanya kazi ndani ya London huongezewa asilimia 20 ya mshahara, kwa kima cha chini na cha juu kilichowekwa. Kwa hiyo wawili wa ngazi moja, kituo kimoja, mwezi mmoja, wanaweza kupishana kwa mamia ya pauni kwa sababu mmoja alipangiwa usiku na mwingine mchana.

Hadi mwishoni mwa 2016, paramediki wa huko walikuwa wanabaki ngazi ya 5. Kilichowapandisha ni kupimwa upya kwa kazi yenyewe: majukumu yakaorodheshwa, maamuzi wanayofanya bila daktari yakahesabiwa, dawa wanazotoa zikatajwa, ikaonekana kwamba cheo cha zamani hakikulingana tena na wanachofanya. Kwangu hilo ni funzo kubwa kuliko namba zozote. Uwajibikaji ulioandikwa huweza kulipiwa. Uliofanywa kimya kimya hausomeki popote. Haikumaliza manung'uniko, kwani tarehe 21 Desemba 2022 wahudumu wa ambulensi wa England na Wales waligoma tena, mishahara ikiwa imeachwa nyuma na bei za vitu.

Elimu inahusika, ila kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Marekani mhudumu wa ngazi ya msingi husoma kwa saa mia na zaidi kidogo, paramediki kwa zaidi ya elfu moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa pengo la dola elfu 17 nililolitaja mwanzo. Uingereza kozi za kuingia kwenye sajili ya paramediki zimetakiwa kuwa za shahada tangu Septemba 2021. Ujerumani ilibadili sheria mwaka 2014 na kufanya mafunzo kuwa ya miaka 3, mwanafunzi akilipwa wakati anasoma, jambo ambalo natamani lingeigwa. Lakini shahada hailipi kama sheria haikuruhusu kutumia ulichosomea. Ufaransa, ambako daktari wa dharura ndiye anayepanda gari kwenda kwa mgonjwa mahututi, mhudumu wa ambulensi ana mipaka finyu ya kazi na mshahara unaofuata mipaka hiyo. Hana akili pungufu kuliko paramediki wa Uingereza ambaye, akiwa na mafunzo ya juu, ameweza kuandika dawa mwenyewe tangu 2018. Mifumo yao imegawa kazi tofauti.

Ruhusa hizo mpya zimefungua milango nje ya ambulensi. Kliniki za madaktari wa familia nchini Uingereza zimekuwa zikiajiri paramediki kwa fedha maalumu za serikali, kwa saa za mchana na bila ngazi za ghorofa za kubebea watu. Helikopta, migodi, majukwaa ya mafuta baharini nayo huwachukua wenye uzoefu. Ninawatakia heri wanaokwenda. Anayebaki na gari la usiku, hata hivyo, ni yule mpya zaidi, na hakuna mwajiri anayeweza kulaumu kliniki kwa hilo wakati hajamwongezea mtu chochote kwa miaka aliyokaa.

Tukio lililonipa matumaini zaidi ni la jimbo la New South Wales, Australia. Australia ilianza kuwasajili paramediki kitaifa tarehe 1 Desemba 2018, kama inavyowasajili wauguzi na madaktari. Paramediki wa jimbo hilo wakasema: mmetufanya wataalamu kwa sheria, lakini mshahara bado ni wa enzi za kubeba. Kuelekea mwisho wa 2023 zaidi ya elfu 2 kati yao walitangaza kwamba hawatalipia upya usajili wao, na bila usajili wasingeruhusiwa kufanya kazi kuanzia siku ya mwaka mpya. Desemba hiyo serikali ya jimbo ilikubali mkataba wenye nyongeza ya wastani wa asilimia 25. Karatasi ya usajili, ambayo wengi huiona kama gharama nyingine ya kulipia kila mwaka, ndiyo iliyokuwa nguvu yao, kwa sababu walikubaliana kuiweka mezani pamoja.

Basi kijana anapopokea barua ya ajira, nataka asome zaidi ya mstari wa mshahara. Saa ngapi kwa wiki, ovataimu inaanzia wapi, usiku unalipwa vipi, nani analipia leseni na mafunzo ya kuihuisha, ukiumia mgongo utalipwa kwa muda gani, na kuna chama cha wafanyakazi au hakuna. Kisha asome kuhusu pensheni, ambayo mwenye miaka 22 hupenda kuiruka. Katika mipango ya pensheni ya Uingereza iliyoanza 2015, umri wa kawaida wa kustaafu kwa polisi na mzimamoto ni miaka 60. Paramediki yumo kwenye mpango wa NHS, ambako umri huo hufuata ule wa pensheni ya serikali, na kwa wanaoanza kazi sasa hiyo ni miaka 67 au 68. Nimeshusha watu wazito kwenye ngazi nyembamba nikiwa kijana mwenye nguvu na bado magoti yangu yanakumbuka. Kumtaka mtu wa miaka 66 afanye hivyo saa 9 usiku ni kumhatarisha yeye, mwenzake na mgonjwa aliye katikati yao. Vyama vya wafanyakazi wa ambulensi huko vimekuwa vikidai umri huo ushushwe, na mimi niko upande wao.